Eneo la Pili la Alabama Halikuchorwa Hewani

Eneo la Pili la uchaguzi wa Congress katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, linaanzia Phenix City, ukingoni mwa mto Chattahoochee unaotenganisha Alabama na Georgia. Linakwenda magharibi kupitia Tuskegee hadi Montgomery, makao makuu ya jimbo, kisha linateremka kwa upana katika kaunti za mashamba na misitu ya misonobari, Pike, Crenshaw, Butler, Conecuh, Monroe, mpaka kaunti ya Washington inayopakana na Mississippi. Hapo linageuka kusini na kuingia jijini Mobile, kwenye bandari. Kaunti 11 zimo nzima nzima, pamoja na vipande vya nyingine mbili, Clarke na Mobile.

Mipaka hiyo iliwekwa kwa amri ya mahakama Oktoba 2023 na kutumika katika uchaguzi wa Novemba 2024. Maneno juu yake hayajapoa. Wapo wanaosema ni ramani ya rangi ya ngozi, wapo wanaosema ni kazi ya majaji wasiochaguliwa na mtu, wapo wanaosema imewaunganisha watu wasiojuana na kuwatenganisha walioishi pamoja kwa karne tatu. Wengi wa wasemaji ni watu wenye vyeo, na wanasema kwa kujiamini. Kwa maoni yangu karibu yote wanayosema hayana msingi, na lile moja lenye ukweli ndani yake nitalikubali zamu yake ikifika.

Tuanze na mambo yalivyofika hapo. Alabama ina viti 7 kati ya 435 vya Baraza la Wawakilishi, na mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka 10. Watu Weusi ni karibu asilimia 27 ya wakazi. Ramani ya 2021 iliyopitishwa na bunge la jimbo iliwaachia nafasi ya kweli ya kumchagua wanayemtaka katika kiti kimoja tu, cha Eneo la Saba. Waliobaki waligawanywa katika maeneo ambayo kura zao hazikuwa na uzito wowote. Wananchi wakaenda mahakamani. Juni 2023, katika kesi ya Allen dhidi ya Milligan, Mahakama ya Juu iliwapa haki kwa kura 5 dhidi ya 4. Aliyeandika hukumu ni Jaji Mkuu John Roberts, huyohuyo ambaye miaka 10 kabla yake aliandika hukumu iliyoidhoofisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Kwa hiyo hoja kwamba ni hila ya majaji wa mrengo wa kushoto inaanguka kabla ya kusimama.

Turudi kwenye ardhi, maana ndiko madai makubwa yaliko.

“Limenyooshwa mno. Mtu wa Mobile ana nini na mtu wa Montgomery?”

Ana mto. Mito ya Coosa na Tallapoosa inakutana jirani na Montgomery na kuwa mto Alabama. Mto huo unapita Selma, unazungukazunguka kusini-magharibi, unaungana na Tombigbee, na maji yote hayo yanaishia katika Ghuba ya Mobile. Kabla ya reli hakukuwa na njia nyingine ya maana. Pamba ya bara ilifungwa marobota, ikapakiwa kwenye meli za mvuke na kuteremshwa Mobile, ambayo kufikia 1860 ilikuwa bandari ya pamba iliyozidiwa na New Orleans pekee kwa usafirishaji. Meli zilipopanda kurudi bara zilibeba bidhaa, na zilibeba watu waliouzwa.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu kuna tukio moja linaloonyesha kamba iliyofunga bandari na bara kuliko takwimu yoyote. Mwaka 1860, miaka 52 tangu Marekani ipige marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, jahazi liitwalo Clotilda liliingia Ghuba ya Mobile kwa siri likiwa na watu wapatao 110 waliochukuliwa Ouidah, pwani ya Dahomey, Benin ya leo. Mwenye mpango huo, Timothy Meaher, alikuwa mjenzi na nahodha wa meli za mvuke za mto Alabama. Alizifahamu kona zote za mto na aliwafahamu wenye mashamba wa huko juu. Jahazi lilichomwa moto kwenye vinamasi vya mto ili kuficha ushahidi, na mabaki yake yalitambuliwa rasmi 2019. Watu wale waligawanywa. Baadhi walibaki kufanya kazi karibu na Mobile, na baada ya ukombozi wakanunua ardhi na kuanzisha kitongoji chao, Africatown, ambacho kipo hadi leo kaskazini mwa kitovu cha jiji. Wengine waliuzwa juu ya mto. Mmoja wao, Redoshi, alifia kaunti ya Dallas mwaka 1937. Matilda McCrear, aliyeletwa akiwa mtoto mdogo, alikulia utumwani katika ukanda wa pamba na kufariki Selma mwaka 1940. Watu wa jahazi moja, na pengine wa nyumba moja, wakawa na makaburi Mobile na makaburi bara. Anayesema pande hizi mbili hazijuani hajauliza ni nani aliyezitenganisha.

Uhusiano haukuishia hapo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya kuunda meli vya Mobile vilimeza wafanyakazi kutoka mashambani, na familia Nyeusi za bara ziliteremka kwa maelfu kutafuta mshahara. Hawakupokewa kwa maua. Mei 1943, mafundi Weusi 12 wa kuchomelea vyuma walipopandishwa daraja katika kiwanda kimoja, wafanyakazi Wazungu waliwashambulia wenzao Weusi kwa marungu na vyuma. Lakini wengi walibaki, wakajenga, wakazaa, na wajukuu wao ndio wapiga kura wa Mobile na mji jirani wa Prichard leo. Waulize kwao ni wapi. Wengi watakutajia kaunti ya bara ambako bibi alizaliwa na ambako bado wanakwenda kuzika.

Wengine huongeza kwamba haijawahi kutokea Mobile na nchi ya pamba zikawa katika eneo moja la uchaguzi. Imetokea. Miaka ya 1870, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Eneo la Kwanza lilijumuisha Mobile na Selma. Benjamin Turner wa Selma, aliyezaliwa mtumwa, alilichukua akaingia Congress 1871. Uchaguzi uliofuata kura Nyeusi ziligawanyika baada ya mhariri wa gazeti kutoka Mobile, Philip Joseph, naye kugombea, kiti kikaenda kwa Mzungu wa Mobile. Kisha Jeremiah Haralson wa Selma akakirudisha. Kati ya vipindi vya Turner na Haralson, James Rapier aliwakilisha Eneo la Pili akiwa mkazi wa Montgomery. Haralson alipotoka 1877, Alabama haikumpeleka tena Mtu Mweusi Congress hadi Earl Hilliard alipoapishwa 1993. Ni miaka 116, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na ramani nyingi ambazo hakuna aliyelalamika kwamba zina sura mbaya.

Kuhusu sura yenyewe, tazama jirani yake. Eneo la Kwanza la sasa linaanzia mpaka wa Mississippi kusini mwa kaunti ya Mobile, linafuata mpaka wa Florida, na kuishia Dothan karibu na Georgia. Nalo linavuka jimbo zima kutoka mpaka hadi mpaka, ila halipigiwi kelele. Mobile na Montgomery zimeunganishwa na barabara kuu nambari 65, kama kilomita 270 za lami isiyo na kona za ajabu, na kutoka Montgomery barabara nambari 85 inakufikisha Tuskegee kabla hujachoka kukaa garini.

“Mobile na Baldwin ni jamii moja ya Ghuba, yenye urithi wa Kifaransa na Kihispania. Haikubaliki kuzitenganisha.”

Dai hili halikuishia kwenye hotuba. Bunge la Alabama liliuandika urithi huo wa kikoloni ndani ya sheria yake ya Julai 2023 kama sababu ya kuziweka kaunti hizo mbili pamoja.

Ni kweli Wafaransa waliianzisha Mobile mwaka 1702 na kuihamishia ilipo sasa mwaka 1711, na ni kweli Wahispania waliishika kutoka 1780 hadi 1813. Lakini vuka ghuba uende Baldwin. Fairhope, mji wake maarufu, ulianzishwa 1894 na watu waliotoka Iowa, wafuasi wa mwanauchumi Henry George, waliokuja kujaribu mfumo wa kodi moja ya ardhi. Elberta ulijengwa na walowezi wa Kijerumani. Wakazi wengi wa Baldwin ya leo ni familia za Wazungu zilizohamia miaka ya karibuni kufuata fukwe na nyumba mpya. Hawana cha kuwaunganisha na magavana wa Louis wa 14.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa hoja hii hulitaja wao wenyewe kama ushahidi: sherehe za Mardi Gras, ambazo Mobile hujivunia kuzianza kabla ya New Orleans. Mardi Gras ya Mobile ina wafalme wawili na malkia wawili. Chama kimoja, cha Wazungu kwa asili yake, huwavika taji mfalme na malkia wake. Chama kingine, kilichoundwa 1938 na wakazi Weusi waliokuwa wamefungiwa milango, huwavika wa kwao. Kuna misafara miwili, kumbi mbili za dansi, na mavazi ya kifalme yanayoshonwa kwa miezi pande zote mbili. Ni sherehe nzuri, na watu wa Mobile wa rangi zote wanaipenda kwa dhati. Lakini kuchukua sherehe ambayo hadi karne hii inaendeshwa na mabaraza mawili ya kifalme kwa sababu ya rangi, na kuifanya ushahidi wa utamaduni mmoja usiogawanyika, ni kuwaomba majaji wafumbe macho.

Hawakufumba. Hukumu ya Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ni mashahidi wawili tu waliojitokeza kuitetea Ghuba kama jamii moja. Wa kwanza ushahidi wake ulionekana kuwa wa upande mmoja na dhaifu, na wa pili alikiri kwamba hofu yake ni kaunti kupoteza nguvu ya kisiasa. Zaidi ya hayo, bunge hilohilo, mwaka uleule wa 2021, lilipochora maeneo ya Bodi ya Elimu ya jimbo liliitenganisha Mobile na Baldwin na kuunga sehemu ya Mobile na Montgomery kupitia nchi ya pamba. Kumbe inawezekana, ikiwa kinachopiganiwa ni elimu ya watoto na si kiti cha Congress.

Na mahakama haikuifuta Ghuba. Kusini mwa kaunti ya Mobile, kwenye vijiji vya wavuvi wa kamba, kumebaki na Baldwin katika Eneo la Kwanza.

“Ukanda Mweusi ni jina la rangi ya watu. Kuuweka pamoja ni kugawa nchi kwa ngozi.”

Black Belt, yaani Ukanda Mweusi, kwanza ni udongo. Yapata miaka milioni 80 iliyopita sehemu hii ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi. Mabaki ya viumbe wadogo wa baharini yalishindiliwa yakawa mwamba wa chokaa, na juu yake ukatokea udongo mzito, mweusi, wenye rutuba, unaokata Alabama katikati kama mkanda uliolegea. Ukinyeshewa unavimba na kunata kwenye viatu. Ukikauka unapasuka nyufa. Wenye mitaji waliukimbilia kwa ajili ya pamba baada ya watu wa taifa la Creek kunyang'anywa ardhi yao, na pamba ililimwa na watumwa. Ndiyo maana wazao wa watumwa hao wako hapo hadi leo. Hawakuja kwa sababu mchora ramani aliwaita. Waliwekwa hapo na udongo, na tamaa ya walioutaka.

Udongo huo unaendelea kutawala maisha. Maji hayapenyi. Nyumba nyingi za vijijini ziko mbali na mabomba ya maji taka, na tangi la kawaida la choo, lililobuniwa kwa udongo unaofyonza, hapa hufurika. Katika kaunti ya Lowndes, iliyo katika Eneo la Saba, maji machafu hutuama nyuma ya nyumba kwenye viwanja wanakochezea watoto, na mtambo unaofaa kwa udongo huo unagharimu maelfu ya dola ambazo familia hizo hazina. Tatizo hilo halijui kaunti wala rangi, linajua udongo. Mbunge anayewakilisha ukanda huo anajua swali atakaloulizwa kila anaposhuka garini. Mbunge ambaye ukanda huo ni kipembe tu cha eneo lake anaweza asiulizwe kamwe.

Sasa pima ramani kwa kipimo hicho. Kwa hesabu ya bunge lenyewe, katika sheria yake ya 2023, kaunti za kiini cha Ukanda Mweusi ni 18. Ramani ya mahakama imeweka 8 katika Eneo la Pili: Barbour, Bullock, Butler, Crenshaw, Macon, Montgomery, Pike na Russell. Nyingine 10 ziko zote katika Eneo la Saba. Hakuna hata moja iliyotupwa nje. Ipo hoja gani ya heshima kwa jamii na ardhi ambayo ramani hiyo imeivunja?

Wala eneo hili si la Watu Weusi peke yao. Ndani yake wamo Wachoctaw wa MOWA, walioshikilia misitu ya mpaka wa Mobile na Washington kwa vizazi na kutambuliwa na jimbo mwaka 1979. Imo Monroeville, mji wa mwandishi Harper Lee. Wamo wanajeshi na familia zao upande wa Phenix City, wanaovuka mto kwenda kazini Georgia, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Troy katika kaunti ya Pike, kaunti aliyozaliwa John Lewis mwaka 1940 kwenye familia ya wakulima.

“Wiregrass imevunjwa.”

Hili ndilo dai nililoahidi kulikubali kwa sehemu yake. Wiregrass ni pembe ya kusini-mashariki, nchi ya mchanga na karanga, ambako mashamba makubwa ya watumwa hayakushamiri kama kwenye udongo mweusi. Mji wa Enterprise una sanamu ya mwanamke amemwinua juu mdudu aliyeharibu pamba, iliyosimamishwa 1919, kwa shukrani kwamba mdudu huyo aliwalazimisha wakulima kugeukia karanga na kupata fedha. Watu wa huko wana historia yao, nayo si ya kudharauliwa.

Kaunti za Barbour, Crenshaw na Pike zinahesabiwa pande zote mbili, Wiregrass na Ukanda Mweusi, na kwenye ramani mpya zimekwenda na Ukanda Mweusi. Mkulima wa karanga wa Crenshaw aliyezoea kuwa na mbunge mmoja na ndugu zake wa Dothan ana haki ya kuhisi kwamba ameondolewa kwao. Sitamwambia amekosea. Namwambia tu kwamba kaunti yenye uraia wa pande mbili lazima iangukie upande mmoja, na kwamba kwa miongo mingi zilipoangukia upande wa Dothan, waliohisi wameondolewa kwao walikuwa majirani zake Weusi, na hawakuwa na wa kumlalamikia. Moyo wa Wiregrass, yaani Dothan, Enterprise na kaunti za mpakani mwa Florida, umebaki pamoja katika Eneo la Kwanza.

“Majaji wamepora kazi ya bunge.”

Jibu ni fupi, tarehe zinatosha. Baada ya hukumu ya Juni 2023 bunge lilipewa nafasi ya kuchora lenyewe. Likaitwa kikao maalumu Julai, likatoa ramani ambayo eneo lake la pili kwa wingi wa wapiga kura Weusi lilikuwa na asilimia 40 hivi, katika jimbo ambalo mahakama ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba Wazungu na Weusi hupiga kura pande tofauti. Maana yake ilikuwa kushindwa kila mara. Septemba 5 majaji watatu wa mahakama ya shirikisho iliyosikiliza kesi hiyo waliikataa. Septemba 26 Mahakama ya Juu ilikataa kuizuia amri yao. Ndipo kazi ikakabidhiwa Richard Allen, mwanasheria wa Alabama aliyewahi kuwa naibu mkuu wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilohilo, akisaidiwa na mchora ramani David Ely. Na kati ya majaji hao watatu, Anna Manasco na Terry Moorer waliteuliwa na Rais Trump. Mei 2025, baada ya kuisikiliza kesi kikamilifu, majaji walewale walihitimisha kwamba bunge halikukosea tu katika ramani ya 2023, bali lilikusudia kubagua.

“Hayo ni ya kale. Leo ni suala la chama, si rangi.”

Dai hili linaniuma kuliko mengine, kwa sababu linasemwa juu ya ardhi ambayo ndani yake sheria ya mipaka na kura ilizaliwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni Tuskegee. Mwaka 1957 mji huu ulikuwa na umbo la mraba. Ndani yake wasomi wa chuo cha Tuskegee na wafanyakazi wa hospitali ya wanajeshi wastaafu walikuwa wameanza kujiandikisha kupiga kura licha ya vikwazo vyote, idadi yao ikafika kama 400. Bunge la Alabama likapitisha sheria ya kubadili mpaka wa mji. Mraba ukawa umbo la pande 28. Mstari ulipinda barabarani, ukakwepa nyumba hii, ukaikumbatia ile, na ulipofungwa karibu wapiga kura wote Weusi walijikuta nje ya mji waliolala ndani yake jana. Mpiga kura Mzungu hata mmoja hakutolewa. Profesa wa sosholojia Charles Gomillion na wenzake wakaacha kununua kwenye maduka ya Wazungu na wakafungua kesi. Mwaka 1960 majaji wote wa Mahakama ya Juu walisema sheria hiyo haiwezi kusimama. Ni hukumu ya mwanzo kabisa kukubali kwamba mstari kwenye ramani unaweza kuwa njia ya kumnyima mtu kura.

Mara ya pili ni Mobile. Tangu 1911 jiji liliongozwa na makamishna watatu waliochaguliwa na jiji zima kwa pamoja, na kwa kuwa Wazungu walikuwa wengi, hakuna Mtu Mweusi aliyewahi kupata nafasi hata moja. Wiley Bolden na wenzake walishitaki. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliwaambia haitoshi kuonyesha matokeo. Lazima wathibitishe nia. Congress ikajibu 1982 kwa kurekebisha kifungu cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ili matokeo yenyewe yahesabike. Kifungu hicho kilichorekebishwa kwa sababu ya Mobile ndicho kilichotumika kwa Mobile mwaka 2023.

Je, ni ya kale? Machi 1981 kijana wa miaka 19, Michael Donald, aliuawa na watu wa Ku Klux Klan mjini Mobile na mwili wake kuning'inizwa kwenye mti wa mtaani. Mama yake, Beulah Mae Donald, alilishitaki kundi lenyewe, akiwakilishwa na wakili na seneta wa jimbo Michael Figures wa Mobile pamoja na kituo cha sheria kilichoko Montgomery. Mwaka 1987 alishinda dola milioni 7, na kundi lile likafilisika. Baadhi ya wapiga kura wa Mobile wa leo walikuwa watu wazima wakati huo. Uchaguzi wao wa chama haukutoka hewani. Ukiwauliza wapi waliambiwa kura yao haitakiwi, na nani alisimama nao, unapata jibu la chama na la rangi kwa wakati mmoja. Kuvitenganisha kunawezekana kwenye karatasi za mawakili, si kwenye kumbukumbu za watu.

“Ni kiti kilichotengwa, mgao wa rangi.”

Watu Weusi wenye umri wa kupiga kura katika Eneo la Pili ni asilimia 48.7. Hawafiki nusu. Wataalamu wa upande wa wananchi, Moon Duchin na Bill Cooper, walikuwa wamewasilisha ramani 11 za mfano zenye maeneo mawili yenye Weusi wengi, na baadhi zilikata kaunti sawa au chache kuliko ramani ya jimbo, kwa hiyo asiyetaka kuamini kwamba inawezekana bila kuvuruga kaunti alikuwa na ushahidi mbele yake. Mahakama ilichagua mpango wa mtaalamu wake yenyewe, ulioacha ushindani wazi. Kilichotolewa ni nafasi ya kushindana, jambo ambalo Mzungu wa Alabama amekuwa nalo kila uchaguzi bila kuliita mgao.

Na kulikuwa na mashindano. Novemba 2024 chama cha Republican kilimsimamisha Caroleene Dobson, wakili wa Montgomery, na kampeni ikawa ya nguvu. Alishinda Shomari Figures wa Democratic, mtoto wa wakili yule wa Beulah Mae Donald, mwenye jina ambalo msomaji wa Tanga au Kilwa atalitambua mara moja. Alipata karibu asilimia 54.6 ya kura. Januari 2025 aliapa pamoja na Terri Sewell wa Eneo la Saba, na kwa mara ya kwanza Alabama ikawa na wabunge wawili Weusi wa Congress kwa wakati mmoja, 2 kati ya 7, katika jimbo ambalo zaidi ya robo ya watu wake ni Weusi. Kiti chake kina ukomo wa miaka miwili kama vingine vyote, na ili akirudishe lazima akaombe kura Troy na Monroeville, kwa watu Weusi na wasio Weusi.